Maji Yaliyohamia Kanisani

Wakoloni walipojenga ngome kwenye ncha ya kile kisiwa walifikiria kila kitu: pa kuweka mizinga, pa kufungia watu, na kanisa la kwenda kutubu baada ya kuwafungia. Walichosahau ni kwamba binadamu hunywa. Kisiwa chote, ukichimba hapa unapata maji ya chumvi, ukichimba pale unapata chumvi yenyewe. Ikabidi akili ifanye kazi. Wakalijenga paa la kanisa bapa kama meza, wakaliinamisha kidogo upande mmoja, wakachonga mfereji ukutani, ili mvua ikinyesha juu ya kanisa iteremke mpaka chini ya ua wa ngome, kwenye birika. Si birika la chai, usianze. Ni chumba kizima chini ya ardhi, kina ngazi za mawe, nguzo na matao, na kimejengwa vizuri kuliko hiyo nyumba unayolipia kodi.

Wenyewe wakaondoka. Mizinga ikala kutu, kanisa likabaki na waumini, ngome ikabaki na popo. Birika halikustaafu. Mtaa wa nyuma ya ngome una mabomba, sikatai, lakini yale mabomba hutoa maji yakijisikia, na mara nyingi hayajisikii. Kwa hiyo asubuhi watu hupanga ndoo zao kwenye ua wa ngome, na ufunguo wa mlango wa birika huning'inia shingoni mwa mwanamke mmoja mnene wa mwili, mwepesi wa miguu, ambaye hata mumewe siku hizi humwita Mama Birika.

Kazi ile aliachiwa na mama mkwe wake, na si kazi ya kukaa na ufunguo tu kama unavyodhani. Kabla ya mvua lazima apande juu ya kanisa, afagie kinyesi cha ndege, apake chokaa. Mvua ya kwanza haingii birikani: anachomoa kizibo cha mti kwenye mfereji, maji yote machafu yanakwenda baharini, na yeye amesimama pale ameloa chapachapa, anakinga kiganja, anaonja, anatema, anaonja tena. Yakishakuwa matamu ndipo anarudisha kizibo. Halafu kiangazi kikikolea na maji yakibaki ya kufunika nyayo tu, anashuka chini na brashi kusugua kuta.

Mama mkwe alimfundisha yote hayo. Alimfundisha kila kitu isipokuwa sababu.

"Ile kona ya upande wa kanisa, usiiguse," alikuwa akimwambia.

"Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu nimesema."

Sasa ungemjua Mama Birika ungeona kwamba jibu lile ni sawa na kumpa mtu mwenye njaa harufu ya chakula. Yule mwanamke alizaliwa na swali mdomoni. Aliwahi kumuuliza padri kwa nini malaika aliyechongwa juu ya mlango wa kanisa hana miguu, na padri akakumbuka ghafla kwamba ana mgonjwa wa kumtembelea. Pale konani palikuwa na uvimbe wa chokaa ya zamani, kiasi cha bakuli lililofunikwa, usawa wa kiuno, umeota ukungu mweusi. Kila mwaka ulimtazama, naye akautazama. Mama mkwe akiwa hai, yeye aliupita. Alipofariki akaupita tena miaka kadhaa, kwa heshima ya marehemu. Kiangazi kile heshima ikaisha. Akaazima patasi kwa shemeji yake, akaukwangua uvimbe wote mpaka ukuta ukawa laini, akachokonoa na nyufa, akapaka chokaa mpya juu yake. Akapanda ngazi akijisemea kwamba mama mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa mvivu tu.

Nakwambia mapema ili usije ukanisumbua mbeleni: hapo ndipo alipoharibu. Ila yeye hakujua, na mtaa haukujua, na mvua ilipokuja ikajaza birika mpaka kwenye ngazi za juu, watu wakamsifu kwa usafi.

Kisha maji yakaanza kushuka.

Mwanzo alidhani ni macho. Akachora alama ya mkaa ukutani jioni, akafunga mlango. Asubuhi, kabla ndoo hata moja haijaingia, alama ilikuwa juu na maji chini. Akachora nyingine. Ikabaki hewani vilevile. Akalala na ufunguo chini ya mto, mumewe akamuuliza kama anadhani maji yanatoka kwa kupitia mlangoni.

Wanawake wa foleni hawakuhitaji uchunguzi. Walikuwa na jibu tayari, na jibu lilikuwa shemeji. Huyo ni mdogo wa mume wa Mama Birika, fundi mwashi, mrefu, mcheshi, mtu wa kuimba akiwa juu ya ngazi. Ni yeye aliyepiga lipu upya sakafu ya birika msimu uliopita, na kila mtu alikuwa amemwona akifanya kazi ile huku anapiga mluzi, jambo ambalo sasa lilichukuliwa kuwa ushahidi.

"Lipu ya shemeji yako hiyo," alisema mama mmoja mwenye ndoo ya bluu. "Ameweka mchanga, saruji akapeleka kwa mchumba wake."

"Mchumba gani, na ananuka chokaa vile?" akajibu mwingine.

Shemeji aliposikia alikuja mwenyewe uani, mikono kiunoni.

"Shemeji, unaniachia nitukanwe na watu wenye ndoo?"

"Mimi nimesema nini?"

"Ndiyo hivyo. Hujasema kitu. Wewe ambaye huwezi kunyamaza hata ukiwa na chakula mdomoni, leo umenyamaza."

"Nanyamaza kwa sababu sijui, shemeji. Nikijua nitasema."

"Lipu yangu haivuji. Ukitaka, nitalala juu yake niamke mkavu."

"Iko chini ya maji."

"Basi nitaamka nimeloa, lakini si kwa kosa langu."

Utani ukaisha siku ofisi ya majengo ya kale ilipomtuma afisa. Alikuwa mwanamke kijana, viatu vya kazi, sauti ya taratibu, asiyependa kumkatiza mtu. Alishuka ngazi na tochi, akapapasa nguzo, akatazama zile alama za mkaa zilizoshuka ukutani moja chini ya nyingine, akatoka akiwa na uso wa daktari aliyeona kitu.

"Mama, maji yakipotea chini ya jengo kama hili, yanakula msingi," alisema. "Ukuta wa ngome unaweza kuzama na watu uani. Nitarudi Ijumaa. Kama hatujajua yanakwenda wapi, itabidi nifunge birika."

"Ufunge mpaka lini, Bi Afisa?"

"Mpaka wahandisi waje."

"Na wanakuja lini?"

Afisa alitazama mizinga yenye kutu. Jibu likaeleweka. Foleni yote ilijua wahandisi wanavyokuja. Kufungwa kwa birika maana yake ni kusubiri maji ya mashua kama watu wa upande wa pili wa kisiwa, na Mama Birika kubaki na jina la kitu ambacho hana.

Alishinda siku nzima akizunguka ngome kwa nje, akitafuta unyevu. Alipapasa kuta kama anayempima mtoto homa. Akachungulia mashimo ya kaa. Akaonja tope, ndiyo, alionja, na akina mama wakaanza kuulizana kama ni maji tu yanayovuja.

Kesho yake alipokuwa amekaa kwenye ngazi ya kanisa amechoka, akatoka mtunza kanisa, mzee mfupi mwenye ufagio, anayeitwa Kengele kwa sababu ya kazi yake na pia kwa sababu ya mdomo wake. Mzee alikuwa na matatizo yake.

"Mwanangu, wewe una bahati, umepoteza maji. Mimi nimepata mnyama."

"Mnyama gani, mzee?"

"Chura. Jumapili padri anahubiri, kila akivuta pumzi, chura anaitikia. Padri anasema tusali, chura anasema kroo. Vijana wa kwaya wamecheka mpaka wakakosa wimbo. Nimefagia chini ya kila benchi. Nimeinua mazulia. Namsikia, simwoni."

Mama Birika akainua kichwa.

"Analia vipi?"

"Chura analia vipi? Kama chura."

"Mzee, niigizie."

Kengele akatazama huku na huku, akaweka ufagio ukutani, akajaza mashavu, akatoa sauti mbili nene na ya tatu nyembamba, kama mlango unaojifikiria kabla ya kufungwa. Mtu mwenye umri ule. Ningelipa kiingilio.

"Rudia."

"Sirudii."

"Huyo ni Mpangaji," Mama Birika alisema polepole.

Ndani ya birika alikuwa akiishi chura mmoja mkubwa, wa siku nyingi, aliyemwita Mpangaji kwa kuwa alikaa pale bila kumlipa mtu. Akishuka ngazi alizoea kusalimiwa kwa ile sauti, mbili nene, moja nyembamba. Na sasa alikumbuka kwamba tangu maji yaanze kushuka hajasalimiwa. Alidhani amekufa.

"Mzee, anaanzia wapi kulia?"

"Nyuma ya altare. Kwenye kaburi la askofu."

Kaburi lile lilikuwa bamba la jiwe lenye pete ya chuma, limefunikwa zulia, na juu ya zulia kabati la mishumaa. Halikuwa na maandishi. Kwamba ni kaburi, na kwamba la askofu, ni jambo ambalo Kengele aliambiwa na mtangulizi wake, ambaye naye aliambiwa. Mama Birika alipiga magoti, akalaza sikio kwenye jiwe. Lilikuwa baridi kuliko mengine. Akaligonga kwa ufunguo wake. Halikulia kama jiwe lililolala juu ya udongo. Lililia kama sufuria lenye mfuniko.

"Lifunguliwe," alisema.

"Mwanangu, hapo kuna askofu."

"Kama yupo, anaogelea."

Padri akaulizwa. Alikuwa amekaa na kikombe chake, mtu aliyekwishashindwa na chura Jumapili mbili. Akasema wafungue, na kama kuna mifupa waifunike na kumwita, na kama kuna chura wasimwite. Shemeji akaletwa na mtaimbo. Alipoambiwa kazi yenyewe, akacheka, kisha akaangalia bamba, akaacha kucheka.

"Shemeji, nikipata laana, kaka yangu ataniozesha mke wa kunitunza?"

"Inua, bwana."

Akaupachika mtaimbo kwenye pete, akainamia. Bamba likakohoa vumbi, likasogea. Kengele alikuwa amejificha nyuma ya kabati, jicho moja nje. Ubaridi ukapanda usoni mwao, na harufu ambayo Mama Birika angeitambua akiwa usingizini, chokaa na mvua. Akawasha tochi. Chini yao palikuwa na chumba. Matao yaleyale, nguzo zilezile, kama birika lake lingekuwa na pacha aliyefichwa na familia. Na maji, meusi, yametulia, yamejaa kupita nusu. Kwenye ukingo mmoja Mpangaji alikuwa amekaa akiwaangalia kama watu walioingia bila kubisha hodi.

Akateremsha ndoo kwa kamba, akaivuta juu, akachota kwa kiganja, akaonja. Hakutema.

"Yangu," alisema.

Basi watu watatu wakakaa kwenye ngazi ya altare wakabishana kwa raha. Kwa nini ujenge mabirika mawili na kulificha moja? Shemeji alisema wanajeshi na mapadri waligombana, kila upande ukataka maji yake. Kengele alisema wanajeshi walikuwa wezi, hilo linajulikana, kwa hiyo mapadri walichepusha. Mama Birika aliwauliza kwa nini basi likaja kuachwa kavu miaka yote hii, na wote wawili wakaanza kuzungumza kwa wakati mmoja, dalili ya uhakika kwamba hawajui. Mimi najua? Hata mimi sijui, na ni nadra sana kuniona nikisema hivyo.

"Tutafute yanapopenya," alisema shemeji. Alikuwa na furaha isiyojificha, maana lipu yake ilikuwa sakafuni, na sakafu haikuhusika. "Wewe shuka upande wako, mulika ukuta wa kanisa. Mimi nitashuka huku kwa kamba."

Mama Birika akavuka ua, akafungua mlango, akashuka. Maji yalikuwa yamebaki chini kidogo ya kiuno. Akatembea ndani yake, gauni limefungwa mapajani, mpaka kwenye ukuta ule. Hakuhitaji kutafuta. Pale konani, pale alipokwangua, palipokuwa laini na peupe kuliko kote, palikuwa na tundu la duara la kupita ngumi, na maji yalikuwa yakiteleza taratibu juu ya mdomo wake kama yanayotoroka bila haraka.

Akasimama. Akapeleka tochi kwenye tundu.

"Naona mwanga," sauti ya shemeji ikaja kupitia ukutani, karibu kama yuko mfukoni mwake. "Shemeji, unanisikia?"

"Nakusikia."

"Bomba la udongo hili. Lilikuwa na kizibo cha chokaa, vipande vyake vimeanguka huku. Nani alikitoa?"

Maji yakapita kati yao.

"Shemeji?"

"Nani anajua," alisema Mama Birika.

"Wakoloni," tundu likajibu kwa furaha. "Kazi mbovu ya wakoloni, na mimi ndiye niliyetukanwa."

Usiniulize kwa nini alijibu vile. Jiweke ndani ya maji yale wewe, ufunguo shingoni, umsikie mama mkwe akisema kwa sababu nimesema, ndipo uniambie ungejibu nini. Alijifuta, akapanda. Na mpaka Ijumaa mtaa mzima ulikuwa umeridhika. Wakoloni wana makosa mengi, hili moja likaongezwa juu, hakuna aliyeona uzito. Mama wa ndoo ya bluu alimwomba shemeji radhi, kwa sauti ndogo kuliko aliyomtukania.

Afisa akarudi. Wakamwonyesha bamba, chumba, tundu. Alishuka pande zote mbili. Alifurahi kama mtoto, akapiga picha, akasema hajawahi kuona kitu kama hiki, akamshika mkono Mama Birika. Kisha akarudi kwenye lile tundu, akalitazama muda mrefu.

"Kinachonisumbua ni kizibo," alisema walipotoka uani, foleni ikisikiliza kwa masikio yote. "Kimekaa miaka na miaka, halafu mwaka huu kimeanguka chenyewe. Kama chokaa ya humu inaanza kuachia yenyewe, basi si kizibo tu. Ni matao, ni nguzo. Mama, nasikitika. Nitafunga, nisubiri wahandisi."

"Na kama hakikuanguka chenyewe?"

"Kama kilitolewa na mtu, ukuta ni mzima. Tunaziba, tunaendelea. Lakini nani akitoe? Ufunguo unao wewe."

Ndoo ya bluu ilikuwa ya kwanza mbele, tupu. Shemeji alikuwa akimtazama, na Mama Birika aliona jinsi uso wa yule kijana unavyobadilika taratibu, akikumbuka patasi aliyoiazimisha, iliyorudi imejaa chokaa.

Shemeji akafumbua mdomo, akaufumba. Hilo nalo ni upendo, mtu kama yule kufumba mdomo.

"Ni mimi," alisema Mama Birika. "Kiangazi. Kulikuwa na uvimbe, nikaukwangua kwa patasi, nikachokonoa pembeni. Marehemu mama mkwe alinikataza. Nilitaka kujua kuna nini."

"Una hakika ulikuwa mgumu? Haukubomoka mkononi?"

"Ulinitoa jasho siku nzima. Mkono ulikufa ganzi. Kama ukuta huo unaoza, Bi Afisa, basi mimi sijui kitu kinachooza ni kipi."

Afisa akamwomba amwonyeshe. Wakashuka wawili, na Mama Birika akaonyesha alama za patasi chini ya chokaa mpya, moja moja. Afisa akagonga matao yote kwa nyundo ndogo, akisikiliza. Walipopanda tena alikuwa ameamua.

"Birika halifungwi," alisema, na foleni ikapumua. "Tundu lizibwe wiki hii. Fundi ataziba." Kisha akanyoosha mkono kwa Mama Birika, bila ukali. "Lakini ufunguo siwezi kukuachia. Unaelewa? Mpaka mvua zijazo akae nao mtu mwingine."

Mama Birika aliuvua shingoni. Kamba ilikuwa imemwachia mstari mweupe. Afisa akatazama kote, akampa shemeji.

Wakaziba wote wawili, yeye akikoroga chokaa, shemeji akisukuma kwa mwiko na kuimba wimbo aliotunga hapohapo kuhusu mwanamke aliyemwaga bahari ili aone chini. Wimbo ule ulienea mtaani kabla chokaa haijakauka. Mama Birika alikasirika, kisha akamwonyesha ubeti ambao haukukaa sawa.

Ila shemeji, ambaye ana sifa nyingi, hana sifa ya kuamka. Asubuhi ya kwanza foleni ilisubiri mpaka jua likawa kali. Asubuhi ya pili ilikuwa vilevile. Ya tatu, wanawake hawakwenda uani kabisa. Walikwenda kugonga kwa Mama Birika, na ndoo zao.

"Mimi sina ufunguo," aliwaambia akiwa mlangoni.

"Tunajua," alisema mama wa ndoo ya bluu. "Tumekuja utusaidie kumwamsha."

Wakaenda wote. Mama Birika aligonga dirisha la shemeji mpaka likafunguka, na kichwa kikatokea, nywele upande mmoja.

"Shemeji, ni wewe mwenye ufunguo, au ni godoro?"

"Ni saa ngapi?"

"Saa ya watu kunywa."

Kichwa kikarudi ndani. Mkono ukatokea peke yake, umeshika kamba, ukautupa ufunguo nje bila hata kuangalia anaupokea nani.

"Afisa akiuliza," sauti ikasema kutoka kitandani, "mimi ndiye niliyefungua."

Mama Birika aliudaka, hakuuvaa shingoni. Aliushika mkononi njia nzima mpaka ngomeni, akafungua, akasimama kando ya mlango, akawahesabia watu zamu. Ndoo ya mwisho ilipotoka, akafunga, akarudi na ufunguo mpaka kwenye lile dirisha na kuuning'iniza kwenye msumari wa nje, mahali ambapo kesho asingehitaji kumwamsha mtu.